Vifaa vya turbo: Nguvu ya kupanda mlima au njia ya kuua injini?

MSIMU wa mavuno unapofika katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, faida ya mkulima haitegemei mvua na mbolea peke yake. Inategemea pia gari. Kitunguu saumu cha Bashay, maharage ya Dongobesh, ngano ya Basotu na alizeti ya Katesh vinaweza kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa sababu tu lori limekwama mlimani wakati wanunuzi wako sokoni.

Magari mengi yanayobeba mazao hayo, kuanzia pikapu na Land Cruiser hadi Fuso na Scania, yana injini za dizeli zenye turbo. Wafanyabiashara wengine wadogo hutumia magari madogo ya petroli yenye turbo yaliyoagizwa yakiwa yametumika Japan. Ndani ya baadhi ya magari hayo hukutwa vifaa viwili ambavyo havikufungwa na kiwanda kilichotengeneza gari.

Cha kwanza ni taima ya turbo, kifaa kinachoiacha injini ikiendelea kunguruma kwa dakika moja au zaidi baada ya dereva kuchomoa ufunguo. Cha pili ni kidhibiti cha presha ya turbo, kinachomwezesha mwenye gari kupandisha kiasi cha hewa ambacho turbo inasukuma kwenye injini.

Vifaa hivyo pia huuzwa kwenye maduka ya spea, vipya na vya mtumba, na mara nyingi mnunuzi huambiwa kwamba cha kwanza kinalinda turbo na cha pili kinaongeza nguvu mlimani. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayajakamilika. Kwa mtu ambaye gari ndilo mtaji wake, sehemu isiyosemwa ndiyo inayoweza kumgharimu injini nzima.

Turbo inavyofanya kazi

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kabla haujafika kwenye ekzosi. Feni ya pili huvuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, injini huweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu kubwa kuliko ukubwa wake.

Wazo hilo ni la zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilisajili mwaka 1905. Katika Afrika Mashariki jina la turbo lilivuma zaidi katika miaka ya 1980, Toyota Celica yenye turbo iliposhinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986.

Turbo ikiwa kazini, shafti yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Katika turbo nyingi shafti hiyo haikai juu ya gololi kama gurudumu la baiskeli. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayoletwa na pampu ya oili ya injini. Oili hiyo hulainisha na pia hupoza.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Injini ikizimwa, pampu ya oili husimama papo hapo, lakini chuma cha turbo kilichopata joto la mamia ya nyuzi hubaki na joto lake. Oili iliyobaki ndani huungua na kuganda kama ukoko kwenye sufuria ya ugali. Ukoko huo ukirudiwa mara nyingi huziba njia ya oili na kukwaruza beringi. Turbo huanza kupiga filimbi, hutoa moshi wa bluu na mwisho hufa.

Mara nyingine haifi peke yake. Vipande vya feni iliyovunjika vinaweza kuingia kwenye injini. Katika injini ya dizeli, oili inayovuja kwa wingi kupitia turbo inaweza kuvutwa kwenye silinda na kuchomwa kama mafuta, injini ikapanda mizunguko yenyewe bila dereva kukanyaga pedeli, hata baada ya ufunguo kuzimwa.

Hewa nyepesi ya nyanda za juu

Ziwa Manyara liko karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Mbulu ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa unazidi mita 1,700, na sehemu kubwa ya ardhi ya kilimo ya Hanang iko kati ya mita 1,500 na 2,000. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inakuwa nyepesi.

Kwenye kimo cha mita 1,700, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Ndiyo maana gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam huonekana zito likifika Mbulu na mzigo uleule.

Turbo ilithibitisha faida yake katika mazingira ya namna hiyo zamani sana. Mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric ya Marekani aliipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, wenye kimo cha karibu mita 4,300. Injini hiyo iliyotoa nguvu za farasi 350 nchi tambarare ilitoa 230 tu kileleni. Ilipofungwa turbo ilitoa 356 palepale kileleni.

Kwa hiyo mkulima wa Mbulu anayetafuta gari la dizeli lenye turbo hakosei. Kwa wanaonunua Land Cruiser za zamani, ni vizuri kujua kwamba injini ya 1HZ hutoka kiwandani bila turbo, wakati 1HD-T iliyoanza mwaka 1990 inayo. Injini ya 1KZ-TE iliyofungwa kwenye Prado na Hilux Surf nyingi nayo ina turbo.

Swali linalobaki ni kama turbo iliyotoka kiwandani inahitaji kuongezewa chochote.

Taima: Faida ipo, lakini si kila safari

Kazi ya taima ni rahisi kuelewa. Dereva anapozima swichi, kifaa huendelea kupeleka umeme ili injini ingurume kwenye sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta. Katika muda huo oili hupita kwenye turbo na kuondoa joto. Muda ukiisha, taima huizima injini. Nyingi huweza kupangwa kuanzia nusu dakika hadi dakika kadhaa.

Vifaa hivi vilipata umaarufu Japan miongoni mwa wapenzi wa magari ya kasi. Kampuni kama HKS, iliyoanzishwa mwaka 1973 huko Fujinomiya, pamoja na Apexi, Blitz na GReddy zimewahi kuviuza. Magari yenye vifaa hivyo yalipouzwa nje yakiwa yametumika, mengine yalikuja navyo. Ndiyo sababu mtu anaweza kununua gari na kukuta kisanduku kidogo chenye namba zinazowaka karibu na usukani bila kuelezwa ni cha nini.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba joto la turbo hutegemea kazi iliyofanyika dakika chache kabla ya gari kusimama. Hutegemea kidogo sana urefu wa safari nzima.

Mfano mzuri ni barabara ya Magara, inayounganisha mji wa Mbulu na barabara kuu ya Babati kwenda Arusha. Lori linaloshuka Mlima Magara likiwa na vitunguu huteremka kwa kuzuiwa na gia, dereva akiwa ameinua mguu kwenye pedeli ya mafuta. Moshi unaopita kwenye turbo wakati huo hauna joto kubwa. Likifika chini, turbo yake huwa imekwisha kupoa kiasi cha kutosha. Kinachohitaji kupumzishwa pale ni breki.

Lori linalopanda mlima huohuo likiwa limejaza saruji, mabati au mbolea liko katika hali tofauti kabisa. Injini imefanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu na turbo ina moto mkali. Dereva akifika juu na kuzima injini mara moja ili ale au apakue mzigo, anaiumiza. Hali ni hiyohiyo kwa wanaopanda kutoka Dareda kwenda Dongobesh, au kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu na kisha Mbulu.

Njia isiyo na gharama ni kuendesha taratibu kilometa moja au mbili za mwisho kabla ya kusimama. Gari likipita mjini kwa mwendo mdogo bila kukanyagwa sana, turbo hupoa lenyewe likiwa njiani. Likisimama, nusu dakika hadi dakika moja ya sailensa hutosha katika hali nyingi. Aliyelazimika kusimama palepale juu ya mlima ndiye anayehitaji dakika mbili hadi tatu, au zaidi kidogo kama mzigo ulikuwa mzito.

Aidha, turbo nyingi za kisasa hupozwa kwa maji ya rejeta pamoja na oili, na maji hayo huendelea kuzunguka kidogo kwa nguvu ya joto hata injini ikizimwa. Kwa magari ya aina hiyo umuhimu wa taima ni mdogo zaidi. Unaongezeka kwa turbo za zamani zinazopozwa kwa oili pekee, na kwa injini za petroli, ambazo moshi wake una joto kubwa kuliko wa dizeli.

Gharama ya mafuta nayo ihesabiwe. Injini ya dizeli ya lita tatu ikiwa kwenye sailensa huweza kutumia karibu lita moja kwa saa. Gari likisimama mara sita kwa siku na kila mara taima ikalingurumisha dakika mbili, hiyo ni lita 0.2 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni lita 60. Kama lita moja ni Sh3,000, taima imechoma Sh180,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha hiyo imetumika kwenye vituo ambavyo turbo haikuwa na joto la kuhitaji kusubiri.

Dereva anayejua wakati wa kusubiri hutumia sehemu ndogo tu ya mafuta hayo. Taima ya kawaida hufuata muda uliopangwa. Haijui kama gari limetoka kupanda Magara au limetoka kununua sukari duka la pili.

Hatari ya kuacha injini ikinguruma

Gari linalonguruma bila mtu ndani lina hatari zake, na baadhi ni kubwa zaidi mashambani kuliko mjini.

Hatari ya kwanza ni moto. Wakati wa mavuno ya ngano katika maeneo ya Basotu na kwingineko Hanang, magari huegeshwa juu ya mabua makavu. Ekzosi na turbo vyenye joto vikiwa karibu na mabua vinaweza kuwasha shamba. Gari lisimamishwe mahali palipofyekwa au kwenye udongo mtupu, iwe lina taima au halina.

Ya pili ni moshi. Dereva akiliingiza gari ndani ya ghala na kuondoka huku taima ikiendelea kuhesabu, moshi wenye sumu hubaki ndani ambako watu wanapanga magunia. Milango ya ghala ifunguliwe, au injini izimwe nje kabla ya gari kuingizwa.

Ya tatu ni gari kuondoka lenyewe. Taima nzuri huunganishwa na hendibreki, kiasi kwamba hendibreki ikishushwa injini huzimika. Fundi asiyejua kazi huuacha waya huo bila kuunganishwa. Isitoshe, dereva hawezi kuliacha gari la gia za mkono likiwa kwenye gia wakati injini inanguruma, hivyo hendibreki pekee ndiyo inayolishikilia. Kwenye mteremko panahitajika kigingi au jiwe chini ya gurudumu.

Ya nne ni waya zenyewe. Taima hukata na kuunganisha waya wa swichi unaopitisha umeme mwingi. Maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa gundi ya karatasi hupata joto, na yanaweza kuunguza gari. Kama taima ni ya mtumba, iunganishwe kwa soketi ya waya inayofaa gari husika na iwe na fyuzi.

Kidhibiti cha presha: Deni linalolipwa na injini

Kila turbo ina mpaka wake. Katika turbo nyingi kuna vali ya pembeni, ambayo mafundi huiita westigeti. Presha ikifikia kiwango kilichopangwa na kiwanda, vali hiyo hufunguka na kuruhusu sehemu ya moshi kupita bila kuizungusha feni. Presha haipandi zaidi ya hapo.

Kidhibiti cha presha huidanganya vali hiyo. Kile cha mkono ni vali ndogo ya chuma inayowekwa kwenye mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye westigeti. Hupunguza presha inayofika huko, vali ikachelewa kufunguka na turbo ikasukuma hewa zaidi. Kile cha umeme hufanya kazi hiyohiyo kwa kutumia vali ya umeme na kompyuta ndogo.

Anayeishi nyanda za juu ana kishawishi kikubwa zaidi. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, mwenye gari anaona ni haki yake kurudisha nguvu iliyopotea. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini jambo hilo si rahisi hivyo.

Chukua turbo iliyopangwa kuongeza presha ya bar 0.7. Pwani, hewa ya kawaida ina presha ya karibu bar 1, hivyo injini hupata jumla ya bar 1.7. Mbulu, hewa ya kawaida ina karibu bar 0.82, hivyo jumla ni bar 1.52. Injini imepungukiwa kwa takriban asilimia 11, tofauti na asilimia 18 kwa isiyo na turbo. Turbo imekwisha kurudisha sehemu ya nguvu bila kuguswa.

Ili kuirudisha yote, presha ya turbo ipandishwe hadi karibu bar 0.9. Hata hivyo, turbo inaanza na hewa nyepesi, hivyo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuifikisha hapo. Geji inaonyesha 0.9, lakini kwa turbo yenyewe kazi hiyo ni sawa na kusukuma karibu bar 1.1 pwani, wakati ilitengenezwa kwa 0.7.

Tatizo la pili hujitokeza gari likishuka. Mfanyabiashara anayepeleka vitunguu saumu Dar es Salaam akiwa na kidhibiti kilichopangwa Mbulu, atakapofika pwani presha ya 0.9 itaongezwa juu ya hewa nzito ya huko. Jumla itakuwa bar 1.9, zaidi ya asilimia 10 juu ya kiwango cha kiwanda. Gari litaonekana lina nguvu ajabu, na nguvu hiyo inabebwa na gasketi, pistoni na silinda hedi ambazo hazikubadilishwa.

Kwa injini za dizeli za zamani kuna jambo jingine. Kuongeza hewa peke yake hakuleti nguvu nyingi, kwa sababu nguvu hutoka kwenye mafuta. Kwa hiyo fundi hufungua pia skrubu ya pampu ili mafuta yaongezeke. Mafuta yakizidi hewa iliyopo, moshi mweusi hutoka na joto la moshi hupanda. Mafundi wengi wa dizeli huchukulia nyuzi 700 hivi za Selsiasi, zikipimwa kabla ya turbo, kuwa mpaka wa kutovukwa kwa muda mrefu. Kupanda Magara na mzigo si kazi ya sekunde kumi. Ni dakika nyingi mfululizo, na gari lisilo na geji ya joto la moshi linaweza kuvuka mpaka huo bila dereva kujua.

Matokeo huwa ni silinda hedi kupasuka, gasketi kuungua au pistoni kuyeyuka. Injini za zamani za Toyota za 2L-T na 1KZ-TE zinafahamika na mafundi kwa silinda hedi kupasuka zinapochemka, hata bila kuongezewa presha.

Kwa injini za petroli, presha ikizidi mafuta hulipuka kabla ya wakati na injini hugonga kama inayopigwa nyundo ndogo. Mlio huo ukiendelea, pistoni hutoboka.

Magari mapya ya dizeli yanayoendeshwa na kompyuta ni habari nyingine. Turbo za mengi kati yake hazina westigeti ya kawaida, na presha husimamiwa na kompyuta ya gari. Ikiona presha imezidi, hukata nguvu na kuwasha taa ya onyo. Mwenye gari aliyelipia nguvu zaidi huishia kupanda mlima kwa mwendo wa punda.

Kabla ya kununua, kagua kilichopo

Katika hali nyingi gari linalokosa nguvu mlimani halihitaji kidhibiti chochote. Linahitaji kurudishwa katika hali yake ya awali.

Jambo la kwanza ni chujio la hewa. Vumbi la barabara za Hanang wakati wa kiangazi huweza kuziba chujio mapema sana kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Chujio lililoziba huinyima turbo hewa. Lililochanika ni baya zaidi, kwa kuwa vumbi hupita na kusaga feni.

Jambo la pili ni mipira na klipu kati ya turbo na injini, pamoja na intakula kama ipo. Ufa mdogo hupoteza hewa iliyokwisha kushindiliwa. Dalili zake ni mluzi wa hewa, moshi mweusi na alama za oili mahali panapovuja.

La tatu ni mkono wa westigeti. Ukikwama kwa kutu vali ikiwa wazi, turbo haifikishi presha. Ukikwama ikiwa imefungwa, presha huzidi bila mtu kuigusa.

La nne ni chujio la dizeli na nozeli. Mafuta yenye maji au uchafu kutoka kwenye madumu huharibu vyote viwili.

La tano, ambalo ndilo uhai wa turbo, ni oili. Kwa dizeli zenye turbo, kubadilisha oili kila kilometa 5,000 ni kipimo kinachotumika sana, na kwenye vumbi na mizigo mizito ni busara kufanya mapema zaidi. Oili iwe ya daraja lililotajwa kwenye kitabu cha gari, na chujio lake libadilishwe pamoja nayo. Taima haiwezi kuiokoa turbo inayolishwa oili iliyochoka.

Asubuhi nayo ina masharti yake. Mbulu huwa na baridi kali kati ya Juni na Julai, na oili iliyopoa huchelewa kufika kwenye turbo. Dereva anayewasha injini na kuikanyaga papo hapo huiumiza turbo kama yule anayeizima ikiwa na moto. Sekunde 30 za sailensa, kisha mwendo wa taratibu kwa kilometa ya kwanza, zinatosha.

Kanuni hizi zinahusu pia matrekta makubwa na mashine za kuvunia ngano zenye turbo. Wakodishaji wanaotoka shamba moja kwenda jingine huwa na haraka, na mashine huzimwa mara tu tangi la nafaka linapojaa. Dakika tatu hadi tano za sailensa baada ya kazi nzito zinalinda kifaa ambacho spea yake huenda ikalazimika kufuatwa Arusha au Dar es Salaam wakati mvua inatishia ngano iliyokauka.

Fedha ianzie wapi

Mwenye gari aliyetenga fedha kwa ajili ya turbo atapata faida zaidi akizitumia kwa mpangilio. Kwanza oili, machujio, mipira na klipu. Pili geji mbili, moja ya presha ya turbo na nyingine ya joto la moshi, kwa sababu dereva hawezi kulinda asichokiona. Geji ya joto ndiyo pia itakayomwambia kama amepanda kwa nguvu kiasi cha kuhitaji kusubiri kabla ya kuzima.

Taima inakuja nafasi ya tatu. Inamfaa zaidi mwenye gari ambaye si yeye anayeliendesha, hasa kama amewapa madereva wanaobadilishana na hana uhakika kama wanasubiri. Hata hapo, kumweleza dereva sababu ya kusubiri na kumpa jukumu la kukagua oili kila asubuhi ni jambo la bei nafuu kuliko kifaa.

Kidhibiti cha presha kiwe cha mwisho, na kwa gari la biashara mara nyingi kisiwepo kabisa. Anayekitaka afahamu kwamba kinakwenda pamoja na geji, marekebisho ya pampu yaliyofanywa na fundi mwenye vipimo, na injini isiyo na ubovu mwingine. Ni vizuri pia aiulize kampuni yake ya bima, kwani kubadilisha nguvu ya injini bila kuitaarifu kunaweza kuleta mgogoro siku ya kudai fidia.

Anayenunua gari lililotumika naye afungue boneti kabla ya kulipa. Akikuta vali ndogo ya chuma kwenye mpira mwembamba wa turbo, au skrubu ya pampu ya dizeli ikiwa na alama za kufunguliwa, aelewe kwamba injini hiyo imewahi kusukumwa zaidi ya kiwango chake. Aombe ipimwe presha na mgandamizo wa silinda, na bei ijadiliwe upya, au aliache gari hilo.

Gunia kumi zaidi kwenye safari moja ya kupanda Magara zinaweza kuonekana ni faida. Lakini injini ikifunguliwa katikati ya msimu, hasara haiishii kwenye spea na ufundi. Huwamo pia safari zote ambazo gari lingefanya wakati bei iko juu, na mteja ambaye amekwisha kutafuta gari jingine.